Ndege wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo

Ndege wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ni ndege wanaoishi na kuzaliana katika mbuga za nyasi za milimani kwenye Uwanda wa Juu wa Kitulo, Nyanda za Juu za Kusini nchini Tanzania. Uwanda huo upo kwenye kimo cha takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kitulo inajulikana zaidi kwa maua yake, hasa okidi, lakini ni pia mahali muhimu pa kuzaliana kwa ndege, ambao wengi wao hawawezi kuishi msituni. Miongoni mwao kuna mbayuwayu buluu (Hirundo atrocaerulea), tandawala wa Denham (Neotis denhami), kwera wa milimani (Euplectes psammacromius), shoro wa Njombe (Cisticola njombe) na chiriku wa Kipengere (Crithagra melanochroa).

Wengi wa ndege hao wana jambo moja linalowaunganisha: hutegemea nchi iliyo wazi, yenye nyasi nyingi na miti michache au isiyo na miti kabisa. Nchi ya namna hiyo hudhaniwa mara nyingi kuwa ardhi tupu inayosubiri kulimwa au kupandwa miti. Kwa ndege wa Kitulo, uwazi huo ndio makao yenyewe.

Mahali na mazingira

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ina eneo la kilomita za mraba 412.9. Iko kwenye mpaka wa mikoa ya Njombe na Mbeya, kati ya safu za milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Sehemu kubwa ya uwanda imo katika Wilaya ya Makete. Kando ya uwanda unainuka mlima Mtorwi wenye kimo cha mita 2,961, unaohesabiwa kuwa kilele kirefu kuliko vyote kusini mwa Tanzania, ukiupita kidogo sana mlima Rungwe ulio jirani.

Udongo wa Kitulo una asili ya volkeno na hushika maji vizuri. Katika mabonde mapana kuna vijito na sehemu za majimaji ambazo hazikauki hata wakati wa kiangazi. Maji ya upande wa kaskazini hushuka kuelekea bonde la Usangu na kuingia katika mto Ruaha Mkuu, unaopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuendelea hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Maji ya upande wa kusini hushuka kuelekea Ziwa Nyasa. Kwa hiyo nyasi zinazowahifadhi ndege ndizo pia zinazopokea mvua na kuiachia taratibu iwafikie watu walio mbali sana na milima hiyo.

Hali ya hewa ni ya baridi kuliko inavyotarajiwa na wengi karibu na ikweta. Mvua nyingi hunyesha kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna baridi kali na ukungu, na usiku jalidi huweza kufunika nyasi hadi jua lipande. Baridi, jalidi, udongo wa majimaji mabondeni na moto wa kiangazi ni kati ya mambo yanayozuia miti kuenea juu ya uwanda.

Upande wa magharibi na kusini uwanda unaanguka kwa miteremko mikali yenye msitu, unaoitwa Msitu wa Livingstone. Msitu huo umo ndani ya hifadhi, lakini ndege wake ni tofauti kabisa na wale wa mbugani. Mtu anayetembea kutoka nyasini kuingia msituni huvuka ndani ya dakika chache mpaka kati ya jamii mbili za ndege zinazokutana kwa nadra.

Jina

Wenyeji huuita uwanda huu "Bustani ya Mungu". Wataalamu wa mimea wameuita pia "Serengeti ya maua". Wakati wa ukoloni ulijulikana kama Uwanda wa Elton, kwa kumbukumbu ya James Frederick Elton, konsuli Mwingereza aliyepita katika milima hiyo katika miaka ya 1870. Jina hilo bado huonekana katika ramani na vitabu vya zamani, hata katika maandishi ya elimu ya ndege. Msomaji anayekutana na "Elton" katika orodha ya zamani ya ndege wa Tanzania ajue kwamba huenda mahali panapotajwa ni Kitulo.

Historia ya hifadhi

Kabla ya kuwa hifadhi, uwanda ulitumika kwa malisho, na pembezoni mwake watu wa jamii mbalimbali, wakiwemo Wakinga, Wawanji, Wasafwa na Wanyakyusa, waliishi kwa kilimo na ufugaji. Sehemu ya uwanda ilitengwa kuwa shamba la mifugo la serikali, na shamba hilo linajulikana hadi leo kwa ng'ombe wa maziwa.

Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba uwanda utakuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 hatua hiyo ilikamilishwa kisheria. Hifadhi inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Kitulo ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Shirika la Wildlife Conservation Society lilifanya utafiti katika Nyanda za Juu za Kusini na lilikuwa kati ya waliotetea kuanzishwa kwake.

Jambo lililoharakisha hatua hiyo lilikuwa biashara ya viazi vya okidi. Nchini Zambia viazi hivyo husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kinachoitwa chikanda. Mahitaji yalipoongezeka na okidi za Zambia kupungua, wafanyabiashara waligeukia Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba zaidi ya mimea milioni 2 ilikuwa ikichimbwa kila mwaka katika Nyanda za Juu za Kusini kwa ajili ya soko hilo. Ulinzi uliowekwa kwa ajili ya okidi uliwafaa pia ndege wanaojenga viota katika nyasi hizohizo.

Mimea kama makao ya ndege

Zaidi ya spishi 350 za mimea zimeorodheshwa Kitulo, zikiwemo spishi 45 za okidi zinazoota ardhini. Kuna pia protea, aloe, geranio, lobelia wakubwa na mimea ya jenasi Kniphofia yenye mashada ya maua ya rangi ya machungwa na manjano. Baadhi ya spishi za mimea ya uwanda hazipatikani nje ya kusini mwa Tanzania.

Kuwepo kwa mimea na ndege wengi wa pekee wanaotegemea nyasi ni dalili kwamba mbuga hizi ni za kale. Hazikutokea jana baada ya watu kukata msitu. Spishi huhitaji muda mrefu sana kuzoea mazingira ya namna hii hadi kushindwa kuishi penginepo.

Kwa ndege, umbo la mimea lina uzito kuliko jina lake. Nyasi fupi za mgongoni mwa vilima huwafaa ndege wakubwa wanaotembea na wanaohitaji kuona mbali. Nyasi ndefu za mabondeni, pamoja na matete ya sehemu za majimaji, hushikilia viota vya ndege wadogo. Kingo za vijito na mashimo ya ardhini hutumiwa na mbayuwayu. Vichaka vya pembezoni mwa msitu huwapa chiriku mahali pa kutua na kujificha. Maua ya Kniphofia, aloe na lobelia huwavuta chozi, ambao hunywa mbochi na kusambaza chavua.

Ndege wanaozaliana

Mbayuwayu buluu

Mbayuwayu buluu ni ndege mdogo mwenye rangi ya buluu iliyoiva sana, inayong'aa kama chuma kilichosuguliwa. Kwa mbali huonekana mweusi. Dume ana manyoya mawili ya mkia yaliyo marefu na membamba kama nyuzi. Yale ya jike ni mafupi zaidi. Huwinda wadudu wadogo akiruka chini chini juu ya nyasi na sehemu za majimaji, huku akigeuka ghafla mara kwa mara.

Spishi hii huzaliana katika mbuga za nyasi za milimani kuanzia Tanzania hadi Afrika Kusini. Huzaliana pia Malawi, Zambia, Zimbabwe na Eswatini, na uwanda wa Nyika kwenye mpaka wa Malawi na Zambia ni kati ya ngome zake kuu. Kitulo ni sehemu ya kaskazini ya eneo hilo la kuzaliana.

Kiota chake ni nusu bakuli la matope yaliyochanganywa na nyasi, lililotandikwa vijizizi laini na manyoya. Tofauti na mbayuwayu wengi wanaojulikana na watu, huyu hajengi chini ya paa la nyumba. Hubandika kiota chini ya ardhi: ndani ya shimo lililotokana na udongo kudidimia, chini ya ukingo wa kijito unaoning'inia, au ndani ya shimo lililochimbwa na mnyama kama mhanga. Jike hutaga mayai 2 au 3 na kuyaatamia kwa muda wa wiki 2 hivi. Makinda hukaa kiotani kwa wiki 3 au zaidi kabla ya kuruka. Jozi nyingi hujaribu kulea vizazi viwili katika msimu mmoja, na huweza kurudi mahali palepale mwaka baada ya mwaka.

Tabia hiyo ya kurudi ina faida na hatari. Shimo zuri huweza kutumika kwa miaka mingi. Lakini likizibwa, likilimwa au likifunikwa na miti iliyopandwa, ndege hurudi kutoka safari ndefu na kukuta nyumba yao haipo.

Mbayuwayu buluu huhama ndani ya Afrika. Baada ya kuzaliana, kuanzia mwezi wa Aprili, huelekea kaskazini hadi mbuga za bonde la Ziwa Viktoria nchini Uganda na magharibi mwa Kenya, na pia kaskazini-mashariki mwa Kongo. Nchini Kenya huonekana katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma katika Kaunti ya Homa Bay na katika mbuga za Busia. Nchini Uganda huonekana katika eneo la Sango Bay. Hurudi kusini kuanzia Septemba. Kwa hiyo ulinzi wa Kitulo peke yake hautoshi: ndege aliyelelewa vizuri katika uwanda huweza kukosa chakula akifika kando ya ziwa na kukuta mbuga imegeuzwa shamba la miwa.

Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) unaiweka spishi hii katika kundi la zilizo hatarini. Shirika la BirdLife International linakadiria kwamba ndege waliokomaa ni chini ya 2,500 katika Afrika nzima.

Tandawala wa Denham

Tandawala ni ndege wakubwa wa mbuga wenye miguu mirefu, wanaopenda kutembea kuliko kuruka. Tandawala wa Denham ni mmoja wa walio wakubwa zaidi. Dume huweza kufikia kimo cha mita 1 hivi, na ni mkubwa na mzito kuliko jike kwa kiasi kinachoonekana wazi. Mgongo ni wa kahawia, tumbo ni jeupe, upande wa nyuma wa shingo una rangi ya kahawianyekundu, na bawa lililokunjwa lina mabaka meusi na meupe. Hula wadudu, mbegu, sehemu laini za mimea na wanyama wadogo anaowakuta njiani.

Wakati wa kuzaliana dume husimama mahali pa wazi na kuvimbisha koo na shingo hadi manyoya meupe yafunguke kama puto kubwa. Hutembea polepole akiwa katika hali hiyo, na weupe wake huonekana kutoka mbali sana. Onyesho hilo lina maana tu pale ambapo hakuna miti ya kuuzuia macho. Jike hutaga yai 1 au mayai 2 juu ya ardhi bila kujenga kiota, na hulea makinda peke yake. Kinga yake kubwa ni rangi yake inayofanana na nyasi kavu, na utulivu wake.

Tandawala huyu anapatikana katika nchi nyingi za Afrika kusini kwa Sahara, lakini idadi yake inapungua na IUCN inamhesabu karibu na kundi la hatari. Nchini Tanzania huonekana mahali pachache sana, na Kitulo ni mahali panapojulikana zaidi. Uwindaji, mbwa, kilimo na kusumbuliwa mara kwa mara wakati wa kuatamia ni kati ya mambo yanayomdhuru. Mahali pengine barani, hasa kusini mwa Afrika, hufa pia kwa kugonga nyaya za umeme.

Kwera wa milimani

Kwera wa milimani ni wa familia ya kwera na korobindo (Ploceidae). Anaishi katika eneo dogo: nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Malawi na sehemu jirani ya Zambia. Dume anayezaliana ni mweusi mwenye mkia mrefu na baka la manjano na rangi ya mchanga kwenye bega. Wakati wa mvua huruka polepole juu ya bonde lake akikokota mkia, kisha hutua juu ya ubua na kuonyesha mabega. Jike ana rangi ya kahawia yenye michirizi, na ni vigumu kumwona akiwa ndani ya nyasi.

Nje ya msimu wa kuzaliana dume hupoteza mkia wake mrefu na weusi wake, akafanana zaidi na jike. Ndiyo maana mgeni anayefika Kitulo mwezi wa Julai hudhani kwamba kwera hawapo, ingawa huenda kundi zima limetua mbele yake.

Shoro wa Njombe

Shoro wa Njombe ni ndege mdogo wa kahawia mwenye utosi wa rangi ya kutu na mgongo wenye michirizi. Amepewa jina la mji wa Njombe, na anaishi katika milima ya kusini mwa Tanzania na uwanda wa Nyika. Hupenda nyasi za milimani zilizochanganyika na vichaka vifupi. Spishi za jenasi Cisticola zinafanana sana kwa rangi, na watazamaji wa ndege huzitofautisha zaidi kwa sauti na makao kuliko kwa manyoya. Kama ilivyo kwa shoro wengi, kiota hufichwa chini ndani ya nyasi, na kwa hiyo hukanyagwa au kuungua kwa urahisi.

Chiriku wa Kipengere

Chiriku wa Kipengere hupatikana Tanzania tu, katika milima ya kusini. Ni ndege wa kahawia mwenye michirizi mizito kifuani na domo nene la kuvunjia mbegu. Hana rangi ya manjano ambayo watu wengi huitarajia kwa chiriku. Hupatikana kwenye kingo za msitu, vichaka na nyasi zilizo karibu. Kwa kuwa dunia nzima haina chiriku huyu nje ya milima hiyo, kinachotokea huko ndicho kitakachoamua kuendelea kwake.

Ndege wengine

Mbali na spishi hizi, katika uwanda huonekana shakivale (Buteo augur) akitafuta panya kutoka hewani, kunguru shingo-nyeupe (Corvus albicollis) kwenye majabali, na chozi katika maua. Msitu wa Livingstone una ndege wake wa milimani. Humo pia anaishi kipunji (Rungwecebus kipunji), nyani wa miti aliyegunduliwa na wanasayansi mwaka 2003 katika mlima Rungwe na misitu ya Livingstone. Mwaka 2006 aliwekwa katika jenasi yake mwenyewe.

Mwaka wa ndege katika uwanda

Maisha ya ndege wa Kitulo hufuata mvua. Mwezi wa Septemba na Oktoba nyasi ni kavu, jua ni kali mchana, na mbayuwayu buluu huanza kurudi. Mvua za kwanza zinapofika mwezi wa Novemba wadudu huongezeka na nyasi hurefuka, na ndege wengi huanza kujenga. Kuanzia Desemba hadi Machi maua yapo kwa wingi na makinda huwa katika viota. Msimu huu, ambao wageni wengi huja kwa ajili ya maua, ndio ambao ndege huweza kudhuriwa kwa urahisi zaidi na miguu ya watu.

Mwezi wa Aprili mbayuwayu huondoka. Mbegu za nyasi hukomaa, na ndege wala mbegu hukusanyika katika makundi. Kuanzia Juni hadi Agosti uwanda hunyamaza. Ndege wa kudumu huvumilia baridi kwa kukaa mabondeni na kwenye kingo za msitu.

Vitisho

Tishio kubwa la ndege wa mbuga za milimani ni kugeuzwa kwa makao yao. Nyanda za Juu za Kusini zina udongo mzuri na mvua za kutosha, na kuzunguka hifadhi watu hulima viazi mviringo, ngano, pareto na mboga. Nje ya mipaka mbuga nyingi zimeshalimwa. Kadiri zinavyopungua, uwanda wa Kitulo unakuwa kama kisiwa.

Upandaji wa miti ya mbao huleta tatizo la namna nyingine. Misonobari na mikaratusi huleta kipato muhimu kwa familia nyingi za Makete na Njombe, na upandaji miti husifiwa kwa kawaida kuwa ni uhifadhi. Lakini miti ikipandwa juu ya mbuga ya asili hutia kivuli, hunywa maji mengi na kuua nyasi. Ndege wa mbugani hawahamii juu ya matawi yake, huondoka. Katika Afrika Kusini mashamba ya miti ya mbao ni sababu kuu mojawapo ya kupotea kwa mbayuwayu buluu katika maeneo mengi alikokuwa akizaliana zamani. Mti ni baraka mahali pake. Juu ya uwanda wa maua ni mgeni anayemtoa mwenye nyumba.

Moto una sura mbili. Mbuga za milimani zimezoea kuungua mara kwa mara, na nyasi zisipoungua wala kuliwa kwa muda mrefu huzidi unene hadi ndege wa ardhini washindwe kupita. Lakini moto wa kila mwaka huchosha mimea, na moto unaochelewa hadi ndege waanze kutaga huteketeza mayai na makinda. Wakati na ukubwa wa moto ndivyo vinavyoamua kama utasaidia au utaharibu.

Uchimbaji wa viazi vya okidi hufukua ardhi na kuwaleta watu wengi katikati ya uwanda wakati wa kuzaliana. Uwindaji wa mitego na mbwa huwatisha tandawala hata pale ambapo hawakuwa wakitafutwa. Zaidi ya hayo, joto likiongezeka ndege wa mabondeni huweza kupanda milimani, lakini wale ambao wameshafika juu hawana mahali pengine pa kupanda.

Uhifadhi

Ndani ya hifadhi kilimo, malisho, uwindaji na uchimbaji wa mimea haviruhusiwi. Kitulo haisimami peke yake: upande wa mashariki kuna Pori la Akiba la Mpanga-Kipengere, na upande wa magharibi kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe. Maeneo haya yakitunzwa pamoja huwapa ndege na wanyama nafasi kubwa kuliko kila moja likiwa peke yake.

Mafanikio hutegemea pia vijiji vinavyozunguka uwanda. Familia iliyopoteza malisho au kipato cha okidi huhitaji njia nyingine ya kuishi, na maji safi yanayotoka katika uwanda ni faida ambayo wanakijiji huiona kila siku. Nje ya hifadhi, kuchagua ardhi iliyokwisha limwa kwa ajili ya mashamba ya miti, badala ya mbuga za asili zilizobaki, huwaacha watu wapate mbao bila kuwanyima ndege mahali pa kutaga.

Kutazama ndege

Hifadhi hufikiwa kutoka Mbeya kwa barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam hadi Chimala, halafu kwa barabara ya mlimani inayopanda hadi Matamba. Barabara hiyo huitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake 57. Wageni hutembea kwa miguu, na kuna njia ya matembezi marefu inayovuka milima ya Livingstone na kushuka hadi Matema kando ya Ziwa Nyasa.

Kwa ndege wanaozaliana, miezi ya Desemba hadi Machi inafaa zaidi, ingawa njia huwa na utelezi. Nguo za baridi na za mvua ni lazima. Inafaa kubaki kwenye njia, kutomkaribia ndege aliyetulia chini bila kuruka, na kutochungulia ndani ya mashimo ya ardhini. Ndege akirudi tena na tena karibu na mtu huku amebeba wadudu mdomoni, ni dalili kwamba makinda yako karibu na kwamba mtu huyo amesimama mahali pasipofaa.